Maji ya Kwanza ya Tomaso

Kwetu Itauguá, mji wa wafuma lesi, kila nyumba ina fremu ya kufumia, isipokuwa yangu. Mimi nilizaliwa na mikono ya kutwanga, ndiyo maana nauza majani ya dawa langoni. Jirani yangu Obdulia ndiye aliyepewa vidole. Akishika sindano, ua linachomoza kwenye kitambaa huku bado mnapiga soga. Halafu maumivu yakaja. Yakaanzia vidoleni, yakapanda mabegani, yakashuka kiunoni, yakakaa kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Akapimwa. Damu safi, picha safi, mifupa safi. Mumewe Eusebio, fundi matofali, alifurahi kupita kiasi.

"Si unaona, mama? Huna kitu. Mawazo tu hayo."

Eusebio si mtu mbaya, wala sijawahi kumsikia akimpandishia mkewe sauti. Lakini kuna siku ningemtwanga kwa mchi wangu, maana Obdulia aliniambia wazi, "Shoga, maumivu nimeshayazoea. Nisichokizoea ni Eusebio kuniangalia kama mwongo."

Asubuhi kazi ikipoa, tulikuwa tunakaa watatu uani kwao na tereré: majani machungu ya ka'a kwenye kikombe cha pembe, maji ya barafu yenye dawa zangu, mrija mmoja unaozunguka. Obdulia ndiye mmiminaji. Maji ya kwanza hatunywi, tunayaacha yazame majanini, na tunasema hayo ni ya Mtakatifu Tomaso. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Eusebio, huyu Tomaso ni ndugu yako nini? Naye hakusadiki mpaka aguse kidonda."

Eusebio alicheka. Obdulia hakucheka.

Ndipo ikasikika redioni kwamba hospitali moja ya mji mkuu inatafuta wanawake wenye maumivu ya siku nyingi yasiyoonekana kwenye vipimo. Walitaka kuchunguza umetaboli wao, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, wajue kama maumivu yanauchosha mwili kwa ndani. Obdulia akaenda. Alirudi uso umechangamka.

"Wamenilaza, wakanifunika kichwa na kibakuli cha plastiki, wakapima pumzi yangu. Shoga yangu Kandé, yule daktari aliniuliza panaponiuma, akasubiri nimalize kusema."

"Na dawa wamekupa?"

"Hawajanipa. Wanataka kujua kwanza."

Nilibetua midomo. Mimi hapa naona mtu, namtwangia majani, anakunywa, yamekwisha. Lakini furaha yake niliiona, nikaendelea kutwanga. Alishaanza kuota siku atakaporudi na karatasi ya daktari, ampe Eusebio asome mwenyewe.

Safari ya tatu alirudi analia. Vipimo vyake vilikuwa havikai sawa. Leo mwili unawaka kama wa mtu aliyepanda mlima, wiki ijayo umepoa. Daktari Noelia, binti mpole, alimwuliza kama anakula kabla ya kuja, maana sharti ni tumbo tupu. Hapana, hali. Anakunywa kitu? Hanywi. Anameza dawa? Hamezi, aliapa kwa Bikira wa Caacupé. Basi daktari akamwambia kwa masikitiko kwamba safari ijayo vikiwa hivyo hivyo, itabidi wamtoe kwenye utafiti.

"Nikitolewa, Eusebio atasema hata wale wameona naigiza," alisema.

Nilikuwa natwanga. Mchi ukanisimama mkononi.

"Shoga, asubuhi ya kwenda hospitali, ka'ay unakunywa?"

"Nimekwambia sinywi kitu."

"Nauliza ka'ay."

"Ka'ay nayo ni kitu?"

Hapo nikamwelewa, maana hata mimi nisingeihesabu. Ka'ay ni majani yale yale ya kuchangamsha mwili, ila kwa maji ya moto; tunayanywa kabla jua halijatoka, kabla mtu hajasema habari ya asubuhi. Chakula si chakula, dawa si dawa. Na ndani ya birika lake kulikuwa na mizizi yangu, leo huu, kesho ule. Nakiri nilivimba kichwa kidogo kusikia mizizi yangu imewasumbua wenye mashine. Kisha nikamwonea huruma, nikamwambia akaseme yote.

Alisema. Daktari Noelia akajishika paji la uso. Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza chupa nzima ya ka'ay kabla ya kuvaa koti lake jeupe, na hakuwahi kufikiria kuuliza. Waliulizwa wenzake Obdulia wote kwenye utafiti ule, na hakuna aliyekuwa amekuja na tumbo tupu. Ikabidi waanze upya. Wiki mbili bila ka'ay, bila tereré, na bila mizizi ya Ña Kandé, yaani Bi Kandé, ambaye ndiye mimi.

Eusebio alinuna.

"Sasa mimi ninywe na nani?"

"Na Tomaso," nikamjibu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kwenye ua wa miti kati ya nyumba zetu, huku anatazama matofali yake. Asubuhi ya kwanza aliamka akakuta jiko baridi. Akarudi chumbani. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, vidole vimejikunja.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasubiri vidole vifunguke."

"Vimeanza leo?"

"Kila siku, Eusebio. Huwa naamka kabla yako, nashika birika la moto mpaka vilegee. Ukija jikoni nimeshakuwa mzima."

Akakaa karibu yake. Akauchukua mkono mmoja, akajaribu kukinyoosha kidole kwa taratibu. Kilikuwa kigumu kama lesi iliyotiwa wanga ikakaushwa juani.

"Ña Kandé," aliniambia, "miaka yote hiyo nilikuwa nakuta ka'ay tayari."

Nilimpa mizizi bure ampelekee mkewe, akanikumbusha kwamba imekatazwa.

Utafiti uliisha. Vipimo vya Obdulia vilitulia, vikaingia pamoja na vya wenzake. Daktari alisema mwili wa wanawake wale unafanya kazi kubwa hata wakiwa wamelala, na kwamba tiba bado wanaitafuta. Hakuna karatasi aliyopewa. Maumivu hayajaondoka, nisiwadanganye.

Lakini aliporuhusiwa kunywa, tulikaa tena watatu uani. Obdulia akanyoosha mkono kuchukua mtungi, Eusebio akamtangulia. Aliweka majani, akachomeka mrija, akamimina maji ya kwanza, akakiweka kikombe chini kama desturi.

"Haya ni ya Tomaso," alisema.

Obdulia akakiokota kikombe, akamwekea mkononi.

"Kunywa basi."

Maji ya kwanza ni machungu, na siku hiyo nilikuwa nimetia mzizi wa nguvu. Eusebio aliyanywa hadi mrija ukakoroma.