Syombua Amnyima Bintiye Alama ya Vyungu

Moshi mzito unapanda kutoka kwenye rundo la vyungu uani kwa Syombua Mutiso, Kathonzweni. Anaongeza kuni, anasukuma samadi kavu kwa mti mrefu, kisha anaketi chini, mkono kifuani, akisubiri pumzi irudi. Inachelewa. Ukimtazama unatamani umvutie hewa wewe.

“Kaa mbali, mwandishi. Hii moshi haijui mgeni,” anasema, akijaribu kucheka. Kicheko kinageuka kikohozi.

Syombua, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alifundishwa kufinyanga na mama yake, naye mama akafundishwa na nyanya. Wote wawili walikufa wakihema. Dada yake Kasyoka aliwafuata mwaka jana, 1986, kabla ya kumwona mjukuu.

Kijijini wanasema ni kifua cha ukoo, maana wanawake wengine huchoma vyungu hadi uzeeni na hawakohoi. Daktari aliyempima hakuwacheka. Alimweleza kwamba wapo watu wanaozaliwa na mapafu yasiyostahimili moshi, na udhaifu huo mtoto huurithi kwa mzazi.

“Nikamwuliza, sasa kwetu ni damu ama ni moshi? Akasema hawezi kujua, kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu amewahi kukaa bila kuchoma,” anasema Syombua.

Hapo ndipo anapoumia. Binti yake wa pekee, Ndila, amefuzu kufinyanga. Huku kila mfinyanzi ana alama yake, anayoichora shingoni mwa chungu kibichi. Binti hupewa yake na mama, na bila alama hiyo wanunuzi wa soko la Mukuyuni hawamwamini. Huu ni mwaka wa pili Syombua anakataa kumpa.

“Mwaitu, watu wananicheka,” Ndila anamwambia mamake, mikono imejaa udongo. “Na kifua yangu ni mzima.”

“Yangu pia ilikuwa mzima.”

Hawajaongea vizuri tangu mavuno. Inasikitisha, kwa sababu wanapendana.

Syombua amemwomba Muthoki, mwenzake wa kanisani, amfundishe Ndila kusuka vikapu vya mkonge. Ndila bado hajaenda. Mama ameapa kwamba alama hiyo hataitoa hata akiwa kitandani anakata roho.

“Wacha anikasirikie,” anasema. “Akizeeka akiwa amenikasirikia, na anapumua, mimi nimeshukuru.”