Nilivyoikata Sala ya Babu Nikaitia kwenye Reggae

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Nimekosa nikiwa na rasta kichwani na jina la Mungu mdomoni, jamani, hiyo ndiyo inayoniua kwa aibu!

Mimi ninaimba reggae. Nilitoa albamu yangu ya kwanza, nyimbo tisa, zote za Mungu na haki: wanaouza malisho ya watu, akina baba wanaokunywa ada za watoto, wasichana wanaoozwa wakiwa bado shuleni. Nilijiona nabii wa Mbulu nzima!

Babu yangu yuko kijijini, Gehandu. Ndiye aliyenilea. Jumapili hakosi kanisani, lakini pia ndiye aliyekuwa akisimamishwa mikutanoni kusali slufay, sala yetu Wairaqw ambayo mzee anaomba na watu wote wanaitikia kila mstari. Kwanza anayataja mabaya: njaa, magonjwa, chuki. Kisha anayafukuza yaende mbali, ndipo anaomba mvua, ng'ombe na watoto.

Kabla albamu haijatoka, nilimrekodi kwa simu kwenye mkutano wa kijiji wa chanzo cha maji. Akaniuliza, "Utaitunza yote?"

"Yote, babu. Ni kumbukumbu ya familia tu."

Mwongo mkubwa mimi! Wimbo wa wauza malisho ulikuwa tayari unaningoja studio.

Mtayarishaji alisikiliza, akasema mwanzo una uzito, unakaa vizuri na besi, ila mwisho unapoa. "Kata hapo," akasema. Nikakata mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Njaa, magonjwa na chuki nikavibakiza. Pale anapovifukuza nikapatupa. Na sauti za watu wakiitikia nikazifuta, eti zinaharibu mdundo.

Wimbo ukashika! Bodaboda wakaupiga stendi, maduka yakaupiga sokoni, ukafika hadi vijiji vya mbali kama Hirbadaw. Nikavimba kichwa. Sikujiuliza watu wa nyumbani wanasikia nini.

Walichosikia ni mzee anatamka njaa na magonjwa, peke yake, kisha ananyamaza. Kwetu hiyo ni laana. Jirani mmoja alifiwa na ng'ombe wawili, akasema mbele za watu, "Huyu mzee ametuombea mabaya hadi kwenye spika!" Loo! Mkutano uliofuata wakamsimamisha mwingine kusali, na babu ameketi pale pale anaona.

Hayo nilisimuliwa na bibi kwa simu. Nikapanda basi na sukari na koti jipya, nikidhani nitayamaliza kwa zawadi. Nikamkuta babu uani anachambua maharage.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu."

Hakuinua hata macho. Tangu nijue kusema hajawahi kuninyima marahaba! Nilisimama na sukari yangu mkononi, sijui nikae au niondoke. Alimaliza maharage yote yaliyokuwa kwenye ungo. Ndipo akasema taratibu, "Umeona inavyokuwa, mtu akisema asiitikiwe?"

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimweleza yote, hata ule uongo wa kumbukumbu ya familia. Akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Nimeufuta wimbo kila mahali nilipouweka. Nimezunguka kwa majirani na simu mkononi, nikiwasikilizisha sala nzima. Wengine wameelewa. Wengine wameniambia kwanza ninyoe hizo rasta ndipo niongee nao. Lakini ule uliokwisha kuingia kwenye memori kadi za watu nitautoaje?

Ninyi mnaorekodi wazee, nawasihi! Mwambie mzee ukweli, unataka kuifanyia nini sauti yake. Na ukimwahidi kutunza yote, basi iwe yote, hata kama besi inalalamika. Mimi niliimba haki nyimbo tisa nzima, na mtu wa kwanza niliyemdhulumu ni babu yangu.

Kila Jumapili nampigia baada ya ibada. Nasema, "Shikamoo, babu," nasubiri. Namsikia anapumua, kisha anampa bibi simu.