Kinyozi wa Mijakaranda

Kinyozi alianza kukata miti kwa kukata fimbo za kuchapiwa yeye mwenyewe. Ndiyo ilikuwa desturi ya baba yake: mtoto akikosa, anapewa kisu cha jikoni, anaambiwa aende barabarani akajichagulie. Akirudi na kijiti chembamba anarudishwa alete kinene, na kipigo kinaongezwa kwa kumchosha mzee. Basi mtoto yule akaijua mijakaranda ya mtaa wao kwa mgongo kabla hajaijua kwa macho. Alijua tawi lipi huvunjika upesi, lipi hupinda, na lipi huacha alama.

Dada yake alikuwa akikificha kile kisu. Kisu kisipoonekana, baba alivua mkanda, na mkanda haukuuliza nani mkosaji, uliwala wote wawili. Siku nyingine dada alikificha hivyo hivyo, akijua.

Wapo watu waliolelewa namna hiyo wakatoka wapole kama maji ya mtungini. Yeye hakutoka hivyo. Siku alipopata kimo cha baba yake alitumwa fimbo akarudi na gogo. Mzee akacheka, "Leo umejipenda." Kijana akalishusha lile gogo kwenye kiwiko cha baba yake, na tangu siku hiyo mpaka kufa mzee alikula kwa mkono wa kushoto.

Akaondoka nyumbani. Halmashauri ya jiji ilikuwa inatafuta watu wasioogopa kwenda juu, ikampa mkanda, kamba na msumeno wa mashine. Jina la Kinyozi alilipata huko, kwa kuinyoa miti. Alikuwa hodari, hilo sitamnyima. Lakini ngumi zake zilikuwa zinatangulia maneno yake. Ukimkanyaga mguu, samahani yako ilimkuta ameshakujibu. Alimvunja taya mpiga debe mmoja kwa sababu ya kiti kwenye kilabu. Alioa, na mke wake akavumilia kwa muda, mpaka siku alipovunjwa pua. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akatoka na damu imemkauka kwenye kidevu, hakugeuka. Mtu pekee ambaye Kinyozi hakuwahi kumwinulia mkono alikuwa dada yake.

Dada alibaki palepale mtaani, fundi wa nguo. Chumba chake kilikuwa na giza, kitanda kimekijaza, kwa hiyo cherehani aliiweka nje, chini ya mjakaranda wa mlangoni. Pale ndipo alipokula, ndipo alipopokea wateja, na ndipo alipomsema mdogo wake kila gari la halmashauri lilipopita.

Sasa sikilizeni jinsi miti ile ilivyokuwa ikikatwa, maana hapo ndipo kisa kilipo. Nyaya za umeme zilipita upande wa barabara, na upande huo ulikuwa wa kikosi cha akina Kinyozi. Upande wa nyumba ulikuwa wa idara ya bustani. Idara ya bustani ilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na kufuli. Basi kila mwaka miti ilinyolewa upande mmoja, upande wa pili ukaachwa uote unavyotaka. Watu walifanya mzaha, "Kinyozi, huyu vipi, pesa zilimwishia katikati?" Naye alicheka huko juu. Dada yake hakucheka.

"Huo mti unalalia nyumba," alimwambia.

"Upande huo si kazi yangu, dada."

"Tawi likianguka litauliza kazi ya nani?"

"Shona, dada. Mimi nikuulize habari za vifungo?"

Miti iliendelea kuinamia kule ilikokuwa na nywele.

Mvua zilipoanza, mjakaranda uliokuwa mbele ya bucha ulipasuka katikati. Mdogo wa mwenye bucha alikuwa amesimama barazani akinoa visu. Tawi nene kama pipa lilimshukia likambana kwenye meza ya nyama, kifua upande huu na miguu upande ule. Mwenye bucha alichukua msumeno wa mifupa akaanza kulikata. Aliukata mti ule mbichi mpaka ngozi ya viganja ikatoka, huku mdogo wake akizungumza naye. Alikuwa anamwambia asikate haraka, atajiumiza. Halafu akaacha kuzungumza. Mwenye bucha hakuacha kukata. Majirani walikuja kumwondoa kwa nguvu, na mmoja wao alitoka pale na jeraha la msumeno begani.

Baada ya mazishi halmashauri ikaita mkutano. Mtaa ulikuwa umeshagawanyika. Wa huku walitaka miti yote ikatwe: inaua, inaziba mitaro, mizizi inapasua mabomba, wezi wanajificha nyuma yake. Wa kule walitaka iachwe: bila kivuli barabara ile ni kikaango. Watu waliokopeshana chumvi miaka yote sasa walitemeana mate mlangoni. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Ofisa wa halmashauri akasimama. "Ndugu zangu, ule ulikuwa upepo. Upepo haushtakiwi. Lakini kwa usalama wenu, tumeamua miti yote ya mtaa huu iondolewe."

Mwenye bucha akainuka. Mikono yake ilikuwa bado imefungwa vitambaa. "Mimi sikuuliza habari za upepo. Nauliza, nani alikuwa anaukata mti ule?"

Ofisa akatazama saa yake. Kinyozi alikuwa amekaa nyuma kabisa, akatazama sakafu.

Dada yake akasema, "Mti haukuua mtu. Uliachwa ukaelemewa. Sasa wanataka kuing'oa yote ili tusione ilivyonyolewa."

"Kaa chini, mama vivuli," sauti moja ikasema. "Wewe unalilia cherehani, mwenzio analilia ndugu."

Aliyesema hivyo hakumaliza kucheka. Kinyozi alikuwa ameshafika, na mguu wa kiti ulikuwa mkononi mwake. Ukumbi mzima ukawaka. Viti viliruka, mtu alipigwa kichwa ukutani mpaka rangi ikabaki nyekundu, mama mmoja aling'olewa hereni pamoja na nyama ya sikio. Katikati ya fujo mwenye bucha alimkuta Kinyozi uso kwa uso. Hakumpiga. Alimwambia taratibu, "Wewe nitakuua. Lakini kwanza utasema."

Kazi ya kuikata ikaanza. Kila mti ulioanguka uliondoka na damu ya mtu, maana kila asubuhi kulikuwa na mawe, na kila jioni kulikuwa na kulipizana. Mwishowe ukabaki mmoja, wa mlangoni kwa fundi wa nguo.

Siku hiyo gari la halmashauri lilimkuta dada ameifunga cherehani kwenye shina kwa mnyororo, na yeye amekaa anashona mapazia ya mteja. Wa huku walikuwa upande huu na mawe, wa kule upande ule na marungu. Ofisa alibaki ndani ya gari, amefungua kioo kidogo tu, kiasi cha kupita sauti.

"Dada, ondoka hapo," Kinyozi alisema. "Matawi hayana macho."

"Hata wewe hukuwa nayo, ndiyo maana tumefika hapa."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka uunyoe kichwa chote. Ukitaka kuukata, ukate na mimi hapa nilipo. Kisu cha kukufichia sina tena."

Kinyozi akavaa mkanda.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kamba inapitishwa juu kwenye panda ya mti, ncha moja inafungwa kwenye mkanda wa anayepanda, na nyingine inashikwa na mtu wa chini, anayeilegeza na kuikaza. Mshika kamba wa Kinyozi alikuwa jamaa mnene waliyemwita Nanga. Kinyozi akapanda mpaka kileleni, akauwasha msumeno. Tawi la kwanza lilipoanguka upande wa barabara, jiwe la kwanza likaruka.

Sijui lilikuwa la nani wala lilikuwa limelengwa wapi. Lilimpata Nanga kwenye paji la uso, akaenda chini kama gunia. Kamba ikaponyoka. Kinyozi akashuka nayo, akigonga matawi kwa mbavu, na msumeno, kabla haujanyamaza, ukamla pajani. Kamba ilikuwa inakimbia juu ya vumbi kama nyoka anayefukuzwa, na ncha yake ilipopita miguuni pa mwenye bucha, akaidaka.

Aliidaka bila kufikiri. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe mzima kwa kamba na kumtundika kwenye kulabu. Kamba yenye uzito ikikimbia, mikono yake inakwenda yenyewe. Akajiegemeza kwenye shina, akakaza. Ndipo akatazama juu akaona amemshika nani.

Kinyozi alikuwa ananing'inia juu kuliko paa la nyumba, damu ya paja inadondoka. Ilidondoka kwenye mapazia ya mteja, ikadondoka kwenye shati la mwenye bucha. Watu wakaacha kupigana, mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa.

"Sema," mwenye bucha alisema.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akailegeza kamba. Kinyozi akashuka kwa kishindo urefu wa mtu, akakwama tena, akaguna. Dada alikuwa ameshasimama. Alikuwa na mkasi mkononi na alikuwa karibu ya kutosha kuutumia, lakini angemchoma aliyeshika kamba, na ndugu yake angekuja chini kichwa kikitangulia. Akabaki ameuinua.

"Ulikuwa upepo?" mwenye bucha akauliza.

"Haukuwa upepo."

Kutoka garini ofisa akapaza sauti, "Wewe, usijibu chochote. Bado ni mfanyakazi wetu."

"Nyamaza, au tukupandishe wewe," mtu akamwambia, na kioo kikapanda.

"Ilikuwa nini?" mwenye bucha akauliza tena. Vidonda vya viganja vyake vilikuwa vimefunguka.

Kinyozi alikuwa amefumba macho. "Ni mimi. Nilikuwa nakata upande mmoja tu. Niliona unawalalia. Kila mwaka niliona. Dada aliniambia, nikamwambia si kazi yangu."

"Mdogo wangu alikuwa ananiambia nisikate haraka," mwenye bucha alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Kisha akaanza kuilegeza kamba, kidogo kidogo, mkono kwa mkono, kama mtu anayeshusha nyama asiyotaka iguse mchanga. Kinyozi akafika chini, akasimama kwa mguu mmoja. Mwenye bucha akaifunga kamba kwenye shina fundo zuri, akageuka, akampiga ngumi ya mdomo. Kila mtu alisikia jino.

Watu wakarudi nyuma, kwa sababu walimjua Kinyozi. Hakuwahi kulala na ngumi ya mtu bila kuirudisha. Alipiga magoti, akatema, akainuka polepole huku amekunja mkono wa kulia. Mwenye bucha alimngoja. Dada akamwambia ndugu yake neno moja tu la utotoni, "Kisu."

Ule mkono ukakunjuka.

"Kama haitoshi, ongeza," Kinyozi alisema.

"Inatosha kwa leo."

Dada akayapasua mapazia yaliyokuwa yameshaharibika, akamfunga paja, akikaza mpaka Kinyozi akalia. "Tulia. Umewaliza wangapi wewe." Nanga alikuwa ameshapakiwa kwenye mkokoteni kupelekwa hospitali. Kinyozi akautazama mti. Upande wa barabara sasa ulikuwa na upara zaidi, na mzigo wote ulikuwa juu ya chumba cha dada yake.

"Ukiachwa hivi," alisema, "mvua ijayo utakulalia kitandani."

"Na paja hilo utapanda?"

Kinyozi akamtazama mwenye bucha. "Sina mshika kamba."

Mwenye bucha akajifuta viganja kwenye shati, akaenda kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe.

Kinyozi akiwa juu ya mti, ofisa alimfukuza kazi kwa kupitia ufa wa kioo, na mtu akaupanua ufa ule kwa tofali. Gari likaondoka. Kinyozi aliendelea kukata upande wa nyumba, tawi baada ya tawi, mpaka kichwa cha mti kikakaa sawa juu ya shingo yake. Halmashauri haikurudi. Maneno yaliyosemwa mbele ya mtaa mzima hayawezi kuitwa upepo.

Siku hizi Kinyozi anachechemea, na pengo lake linamfanya apige mluzi anapozungumza. Anawakatia miti watu binafsi, mitaa ya jirani, na ananyoa pande zote. Mshika kamba wake ni mwenye bucha, siku ambazo hakuchinja. Watu wanadhani wamepatana. Hawajapatana. Hawasalimiani, hawali pamoja, na wakimaliza kazi kila mmoja anashika njia yake. Kabla Kinyozi hajapanda, mwenye bucha huivuta kamba mara moja kuona kama fundo la mkanda limekaza. Huivuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika, mpaka mwenzake anayumba na kushika shina. Kinyozi hujiweka sawa, akapanda.