Baba Mdogo Alipotaka Kampuni Yake Iingie Kwenye Kamusi Elezo

Nafundisha sekondari Mbinga mjini. Nikimaliza kusahihisha madaftari, hujitolea kuhariri kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni. Yeyote anaweza kuandika humo, ila kampuni ina sharti lake: lazima watu wasiohusika nayo wawe wameshaiandika kwa kina. Nimewakatalia wengi bila kupepesa macho.

Jumapili moja, baada ya misa, baba mdogo akanijia kutoka kijijini Matiri, ambako ana kampuni ndogo ya kukaanga na kufungasha kahawa. Alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Nataka kampuni yangu iingie kwenye kamusi yako."

Akamwaga vitu mezani: kalenda yenye picha yake, kipeperushi, na tangazo lililokatwa gazetini.

"Tangazo aliliandika nani?"

"Mimi."

"Kipeperushi?"

"Mimi."

Nikaigusa kalenda. Kabla sijauliza, akaangua kicheko. "Kumbe nimejisifia mwenyewe kila mahali!"

Hata hivyo sikuwa na moyo wa kumkatalia palepale. Nilimwomba siku chache, nikapekua mtandao kwa haki. Nilipata mstari mmoja tu, jina la kampuni kwenye orodha ya walioshiriki maonesho ya wakulima. Angekuwa mtu baki ningeshamjibu. Lakini kila nilipotafuta habari za kilimo cha Matiri, nilikutana na maandishi ya watafiti kuhusu ngolo, yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Nikafungua makala ya ngolo kwenye kamusi yetu. Mistari miwili!

Jumamosi nikapanda kwenda Matiri.

"Kampuni yako haijafika kiwango, baba mdogo. Siwezi kuiingiza."

Akanitazama. "Haijafika, au haitafika?"

"Haijafika."

"Basi nitafanya kazi mpaka wengine waiandike," akasema, akanimiminia kahawa. Nilipumua.

Nikawasimulia, yeye na mkewe, kuhusu ile makala ya ngolo yenye mistari miwili. Mama mdogo, aliyekuwa akichambua maharage, akainua kichwa. "Mistari miwili? Ngolo hii hii?" Akachukua jembe. "Twende shambani, mwalimu."

Ulikuwa mwezi wa tatu, udongo laini. Baba mdogo alifyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, kama wanaume wafanyavyo. Mama mdogo akamkemea kwamba mistari yake imepinda, kisha akachimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo, huku akiimba. Mimi nilipiga picha hadi simu ikaisha chaji. Nilishika jembe pia, nikachimba shimo lililowachekesha wote wawili.

Makala niliiandika kwa kutegemea kazi za watafiti, nikaipamba kwa picha zetu. Ilipotoka, mama mdogo aliwasomea wanajumuiya wenzake wa kanisani kwa sauti, akitumia simu ya mumewe. Kisha akanipigia akiwa bado nao.

"Umeandika kwamba tunaanza kupanda mahindi. Maharage hutangulia!"

Nilirudi kwenye vitabu. Alikuwa sahihi. Nikarekebisha yeye akiwa bado hewani, na nyuma yake nikasikia akina mama wakipiga vigelegele.