Friza Niliyoijenga Miezi Mitatu Nikaikata kwa Dakika Ishirini

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, niliwasha msumeno wa umeme nikaanza kuikata friza yangu mwenyewe.

Friza mpya! Ilikuwa na siku tisa tu tangu ianze kugandisha. Niliijenga kwa mikono yangu miezi mitatu, na kila aliyekatiza pale gatini, kwenye bandari yetu ya Opua, nilimvuta mkono aje aione, apende asipende.

Nje walisimama majirani kama kumi hivi, wenye boti zao, wananichungulia dirishani. Mke wangu Raewyn alikaa kwenye ngazi ya kuingilia botini, kikombe cha chai mkononi.

Machozi yalikuwa yananitoka. Nikasingizia vumbi.

Ngoja niwaambie nilifikaje hapo. Mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nimeshachekwa vya kutosha.

Naitwa Des. Nina miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu wa useremala. Huo ualimu ndio chanzo cha balaa lote. Ukisimamia watoto wa watu wanaopinda misumari kwa miaka thelathini, unaanza kuamini hakuna fundi zaidi yako duniani.

Mimi na Raewyn tuna boti ya tanga, inaitwa Kereru. Kila mwaka mwezi wa tano, vimbunga vikishapita, wenye boti wa huku tunaondoka kundi kwenda Fiji kuikimbia baridi ya huku kusini mwa dunia. Mwaka juzi tulikaa kule miezi mitano tunakula nyama ya kopo na wali. Jumapili, kwa heshima ya siku, nyama ya kopo na viazi.

Tuliporudi, Raewyn akaniambia kwa upole kabisa, "Des, safari ijayo sipandi boti isiyo na friza. Ikikosekana, nakwenda zangu kwa dada yangu, mjini Nelson. Wewe nenda na makopo yako."

Mimi wala sikushtuka. Nilichosikia hapo ni kazi ya ufundi tu.

Sasa, friza ya dukani haikai kwenye Kereru, maana ubavu wa boti umepinda. Inabidi ujenge sanduku linalofuata kona ya jiko, ulizungushie povu zito la kuzuia joto, ndani ufunge bamba la kupozea, na kompresa uifiche chini ya kiti.

Tipene, fundi wa majokofu pale gatini, akaja kuchungulia.

"Mzee Des, nikufungie? Siku nne tu, naikabidhi."

"Kijana, mimi nimefundisha ufundi wewe hujazaliwa."

"Haya, mwalimu. Ila kabla hujamwaga povu, ingiza mkono kila kona. Hilo dude likishaganda, limeganda. Watu wamezika spana humo. Kuna mmoja alizika meno yake ya bandia."

Nikacheka sana. Nikajisemea, hao ni watu wasio na mpangilio.

Siku ya povu ikafika. Ni dawa mbili, unachanganya, unamwaga, linaumuka. Maelezo yalisema uchanganye kidogo kidogo. Mimi nikachanganya ndoo nzima, si mtaalamu bwana!

Povu likaumuka. Likapanda, likafika juu, likaendelea kupanda. Nikaukalia mfuniko ili kulizuia. Likatokea pembeni, likanidaka suruali.

Raewyn alinikuta nimeganda pale juu kama nusu saa nzima.

"Uko salama?"

"Napumzika."

Akaenda kuchukua mkasi, akaikata ile suruali bila kuuliza swali lingine.

Lakini friza ikafanya kazi, jamani! Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Raewyn akaijaza kondoo wawili waliokatwakatwa, na aiskrimu juu yake. Nilipomwona anapanga zile nyama, moyo ukatulia. Nikajua mke wangu anakwenda na mimi.

Jumatatu habari za upepo zikatoka nzuri. Kundi zima likakubaliana kuondoka Alhamisi. Sisi tukapewa miadi na watu wa forodha Jumatano saa sita.

"Des," Raewyn akaniuliza, "pasipoti ziko wapi?"

"Zipo mahali pake."

Nilipomaliza tu kutamka hivyo, jasho likanitoka.

Kila mwenye boti ya safari ana mahali pa kuficha pasipoti, mahali ambapo mwizi hawezi kupafikiria. Pangu palikuwa kiboko. Nyuma ya ubao wa jiko, kwenye uwazi kati ya mbao na ubavu wa boti.

Uwazi ule ule nilioujaza povu.

Nikachukua tochi, nikachungulia. Njano tupu. Siku mbili nilishinda nimepiga magoti pale jikoni, nachokonoa kwa waya, na Raewyn akiuliza natafuta nini, namwambia spana.

Hebu fikirieni mtego niliojitegea. Bila pasipoti hatutoki. Kuipata pasipoti lazima niikate friza. Friza ikikatwa, Raewyn anakwenda Nelson.

Jumatano asubuhi nikaishiwa uongo. Nikamfuata pale kwenye ngazi. Majirani walikuwa wanapita na mizigo yao, lakini nilishafika mwisho, sikujali tena.

"Raewyn, nimekosea. Nimezika pasipoti zetu kwenye povu. Itabidi niikate friza yako."

Akanywa chai kidogo.

"Kata."

Nikazigawa nyama kwenye friza za majirani, nikakata. Dakika ishirini za kelele, na povu la njano kila mahali, hadi masikioni. Mwisho nikaugusa mfuko. Ule wa plastiki usioingiza maji. Nikauchomoa, nikaufungua.

Ndani kulikuwa na pasipoti moja. Yangu.

Nikapekua tena. Nikaupindua mfuko nje ndani.

"Ya kwako haimo!"

Raewyn akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa pasipoti yake, safi kabisa.

"Niliitoa mwezi wa kwanza, kabla hujaanza kujenga."

"Ulijuaje nilipoficha?"

"Ukificha kitu huwa unapiga mluzi, Des. Miaka thelathini na minne nausikia."

"Sasa mbona ukatoa ya kwako tu?"

"Kwa sababu nilikuwa siendi."

Kule dirishani majirani wakasogea karibu zaidi.

"Lakini ulitaka friza…"

"Nilijua hutaimaliza, ndiyo maana nikaitaja friza. Ukaimaliza. Bado nilikuwa siendi. Mimi sikushindwa na nyama ya kopo, Des. Nilishindwa kukaa miezi mitano baharini na mtu asiyejua kusema amekosea. Uliigongesha boti kwenye mwamba ukasema ramani ndiyo mbovu. Nilidhani na pasipoti yako umeshaitoa; Jumatatu nilikuuliza nione kama umegundua yangu haimo. Nani anasahau alipoficha mwenyewe?"

"Na wale kondoo wawili?"

Sauti yake ikashuka. "Nilikuwekea wewe. Ule vizuri ukiwa peke yako."

Nikakaa chini kwenye lile vumbi la povu. Sasa nililia wazi, hata kusingizia sikusingizia.

"Basi sasa hivi unakwenda Nelson?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakwenda. Lakini leo umesema, na watu wanasikia. Inuka ujipanguse, watu wa forodha hawatusubiri."

Tipene akapenyeza kichwa dirishani, akalitazama lile tundu. "Mwalimu, nikufungie?"

"Nifungie, ndugu yangu. Nakuomba."

Akaiziba jioni ile ile. Kabla hajamwaga povu akaniita, akaniambia niingize mkono kila kona mimi mwenyewe, na majirani wote wanaangalia. Niliingiza.

Tulipofika Fiji, bwana mmoja wa uhamiaji aliishika pasipoti yangu kwa vidole viwili. Pembeni ilikuwa na donge la povu la njano.

"Hii ni nini?"

Raewyn akanigeukia, anasubiri. Nikamweleza yule bwana habari yote, pamoja na suruali. Alicheka mpaka akawaita wenzake chumba cha pili, nikaanza upya.

Friza inagandisha mpaka leo. Pale kwenye kiraka nimepaacha bila rangi, kwa makusudi, nipaone kila ninapochukua barafu.

Wanaume wenzangu, mkeo akikuomba friza, mjengee. Lakini kabla hujachanganya povu, kaa naye, muulize kama ni friza kweli anayoitaka.