Eda Katika Kambi ya Askari

Nyumba ya wazazi wangu hapa Tabora haikujengwa iwe nyumba. Mdachi aliijenga kuwa kambi ya askari, Mwingereza akaendelea nayo, na baada ya Uhuru serikali ikawagawia wafanyakazi wake, chumba kimoja kwa kila familia. Kuta zilikuwa nene hata dirishani ungeweza kukaa na kuchambua mchele. Nyuma hapakuwa na mlango, ni matundu tu ya kutolea mtutu wa bunduki. Milango yote ilitazama uwanja mmoja wa gwaride, na choo kilikuwa upande wa pili wa uwanja huo, peupe kabisa. Aliyeichora ramani ile alitaka amwone kila atokaye na aingiaye. Nadhani hakuwahi kuishi na mke.

Ubaya wa ramani hiyo niliujua baba alipofariki. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, asionwe na wanaume wa nje. Nyumba za mtaa wa Ng'ambo zina ua nyuma, mwanamke anajisitiri. Sisi tulikuwa na gwaride. Mimi nilikuwa nimeolewa kijiji cha Lusu, nikaja kukaa na mama.

Msiba haujapoa, akaja balozi wa nyumba kumi, anajikuna kichwa.

"Mama, chumba hiki ni cha kazi, na mwenye kazi ndiyo hivyo tena. Wamempa karani mgeni. Anaweza kuhamia wakati wowote."

Mama alikuwa na kaka yake Ng'ambo, tayari kumpokea. Lakini alitaka kitu kimoja tu: amalizie eda katika nyumba ya mumewe. Kutolewa katikati aliona ni aibu kwake na kwa marehemu.

Majirani zetu wengi walikuwa Wanyamwezi Wakatoliki, eda waliisikia tu. Hata hivyo wanawake walileta mikeka, wakaifunga kati ya matao ya baraza, mlango wetu ukapata faragha. Choo ndicho kilichobaki. Mama alipotaka kwenda, tulimzunguka na khanga, mmoja wetu akipaza sauti, "Mama anapita!" Wanaume waliokuwa uwanjani waligeukia ukuta wakatulia kimya, hata fundi cherehani aliyekuwa mbishi kwa kila jambo. Tangu Uhuru uwanja ule haukuwa umeona mstari ulionyooka namna ile. Nilicheka na kulia kwa pamoja, maana niliwapenda sana watu wale.

Karani ndiye niliyemchukia. Kila Ijumaa alisimama nje ya mikeka.

"Hodi. Mama anaendeleaje?"

"Yupo," nilimjibu. "Na bado yupo sana."

"Haya dada. Nitarudi."

Nilimwona anahesabu siku zetu kama fisi anayemngoja mgonjwa. Mama alinikataza kumsema, nikamsema kwa majirani.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo mpya, akaketi barazani wazi. Karani akaja na balozi, na safari hii mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto mchanga mgongoni.

"Umekuja kututoa?" mama alimwuliza.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukupa pole. Sikuwa nimepata nafasi ya kukuona."

"Marahaba, baba. Ahsante."

Balozi akashindwa kunyamaza. Karani alikuwa amepewa ruhusa ya kuingia tangu wiki ya kwanza. Lakini karani akasema hawezi kumtoa mjane ndani ya eda, ingawa yeye mwenyewe si Mwislamu. Siku zote hizo walikuwa wanalala katika ghala la pamba huko stesheni, na mtoto alizaliwa humo humo, juu ya magunia.

Nilikosa pa kutazama. Yule mke akaanza kupiga magoti kumsalimu mama, kama wafanyavyo kwao. Mama akamdaka mkono.

"Inuka, mwanangu. Ingia umlaze mtoto."

Akaingia. Mama naye akaingia, akaanza kukunja nguo zake, nami nikafungasha sufuria. Jua halijatua mkokoteni ulikuwa umefika kutupeleka kwa mjomba. Tulichukua kila kitu isipokuwa kitanda alichofia baba. Mtoto alikuwa bado amelala juu yake.