Figa la Mwanamke Niliyemwita Mchawi

Admin, nitashukuru ukilificha jina langu, maana kwetu watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na bibi yangu mzaa mama upande wa Handeni. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nalia kabla ya kujibu. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tangu nikiwa mdogo Bibi alikuwa akinisimulia habari za mchawi mmoja wa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu waliamriwa kuhama makwao ya zamani, wakapakiwa kwenye malori na kushushwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Wengine walibeba kuku na vitanda. Mwanamke huyo, nimpe jina la Mama Hadija, alibeba mafiga yake matatu, mawe aliyopewa na mama yake alipoolewa. Watu walicheka, kisha wakaogopa. Mawe yapo kila mahali, haya yake yana nini? Surua ilipoanza kuua watoto, wakaona wamepata jibu. Mganga akaitwa, Mama Hadija akanyolewa nywele mbele ya kijiji kizima, akafukuzwa pamoja na mwanawe mdogo.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuandika riwaya. Nimejaza kaunta buku mbili. Humo Mama Hadija anaruka kwa ungo juu ya malori, na mafiga yake yanakumbuka jina la kila aliyekula chakula kilichopikwa juu yake. Mchana nilikuwa namsomea Bibi tukipukuchua mahindi.

"Mchawi wako mbona hapiki?" aliniuliza siku moja. "Ana mafiga matatu, kutwa yuko hewani. Mwanawe atakula nini?"

Tulicheka hadi mahindi yakamwagika.

Bibi aliwahi kutaja kwamba mama yule alikimbilia Ngombezi, kwenye makambi ya mkonge. Wiki iliyopita nilimuaga kwamba nakwenda kwa shangazi Korogwe, nikaenda Ngombezi. Nilitaka tu kupaona ili niweze kupaandika. Nikauliza watu, kumbe yule mwanawe bado yupo, mama wa makamo anayekaanga maandazi nje ya mlango wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unaongea na miguu yako, mwanangu? Niangalie mimi."

Nilimwambia naandika habari za zamani. Akanipa andazi na kigoda. Akasema mama yake alikata mkonge hadi alipozeeka, na nywele ziliota zote, lakini hakuvua kitambaa kichwani hata akiwa ndani na mlango umefungwa. Alikuja na mafiga mawili. Mahali pa la tatu aliweka tofali maisha yake yote.

"Kuna mtoto alisema alimwona akiongea na ardhi," akaniambia. "Mama alikuwa na mwanawe wa kwanza, alifariki akazikwa kule kwao kwa zamani, kabla ya kuhamishwa. Alikuwa akienda kumsalimia. Mtoto huyo simchukii, sasa hivi ni mtu mzima. Nataka anionyeshe hapo mahali, basi. Mimi kaburi la ndugu yangu silijui. Wewe si unatoka kule? Muulize bibi yako kama anamjua. Urudi Ijumaa uniambie."

Nilirudi nikamweleza Bibi kila kitu. Alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu.

"Ni mimi," akasema.

Alikuwa na miaka kumi. Alitoroka kwenda kuchuma mapera kule mahame, makazi yao ya zamani, ambako walikuwa wamekatazwa kurudi. Akamkuta Mama Hadija amepiga magoti, anabembeleza kama mtu mwenye mtoto mapajani. Aliporudi, mama yake alikuwa anamsubiri na fimbo.

"Akaniuliza, ulikuwa wapi? Nikasema nimemwona Mama Hadija anaongea na ardhi. Fimbo ikashuka chini, mwanangu. Sikupigwa."

"Na kaburi, Bibi?"

"Nililiona. Dogo hivi. Sikulisema."

Akaniomba nisirudi Ngombezi. "Andika anavyoruka," akasema. "Kwenye kitabu chako hakuna anayemshika kichwa." Kisha akaelekeza kidevu jikoni, kwenye figa la kushoto. Siku ile ya kufukuzwa Mama Hadija alikuwa na mtoto mgongoni, mawe matatu yakamshinda. Bibi alilificha majanini lile moja lililoachwa, akaja kuolewa nalo.

Nimekula chakula cha figa lile tangu nijue kula. Na ni mimi niliyeandika kwamba mafiga hukumbuka majina.

Tangu hapo siwezi kuandika. Nikimpandisha Mama Hadija kwenye ungo namwona amekaa ndani, mlango umefungwa, kitambaa kichwani. Nikipita jikoni nahisi kuna mtu ananisubiri nimalize kula.

Nikisema, Bibi yangu ataitwa muuaji wa jina la mtu, na amenilea peke yake. Nikinyamaza, mama yule atakufa hajui ndugu yake alipolala, na anayepajua ni Bibi peke yake, naye magoti yake hayampeleki mbali tena.

Leo asubuhi nimekuta sufuria imekaa juu ya mafiga mawili na tofali. La tatu lilikuwa mlangoni kwangu, limesuguliwa masizi yote hadi rangi yake ya kijivu ikaonekana, limefungwa kwenye kanga ya Bibi ya kutokea. Bibi alikuwa ameshakwenda shamba. Hakuniaga.

Ijumaa ni keshokutwa. Nyie mliokwisha kuwa watu wazima, naombeni mniambie: nikifika pale na figa hili, yule mama akaniuliza limetoka kwa nani, nimjibu nini?